Sura ya 5: Kijana Aliyemaliza Shule Afundishwe Nini Tena?

Ukiwasikiliza wazazi sokoni Karatina, au kwenye foleni ya kupeleka maziwa asubuhi kule Mukurwe-ini, swali hili halikosi kuja: kijana nimemlipia karo mpaka kidato cha nne, ana cheti cha KCSE, ana simu inayojua kila kitu. Hayo masomo ya jamii mnayomwitia ni ya nini tena?

Vijana nao wana lao. Wanauliza kwa nini kila semina wanayoalikwa huwafundisha kutengeneza sabuni ya maji na kuwahimiza wabadili mtazamo, halafu jioni wanarudi palepale steji ya bodaboda, mifuko ikiwa mitupu kama asubuhi.

Yote mawili ni lalamiko moja. Mzazi anadhani elimu huisha cheti kinapotoka. Kijana ameshaona kwamba mafunzo anayopewa hayagusi kilichomkwamisha. Wote wawili wana haki ya kulalamika. Sura hii inawajibu kwa mambo yaliyotokea hapahapa, kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, maana eneo hili limejaribu karibu kila aina ya mpango wa vijana katika miaka mia iliyopita, na matokeo yanaonekana.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Elimu ya watu wazima ya jamii ni masomo ambayo watu wa mahali fulani hujipangia wenyewe, nje ya shule, kuhusu shida walizo nazo. Wakenya wengi huiita ngumbaru, na wakilisikia jina hilo humwona nyanya ameinamia daftari akijifunza kuandika jina lake. Picha hiyo ina ukweli wake: Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1979 serikali ikaanzisha kampeni ya taifa zima ya kufundisha kusoma na kuandika. Lakini elimu hii ni pana kuliko alfabeti. Mkutano wa wakulima wanaojifunza kusoma hesabu za chama chao cha ushirika ni elimu ya watu wazima. Harakati za haki za kijamii nazo ni watu kuungana kudai kilicho chao: ardhi, maji, msitu, bei nzuri ya zao, kura yenye uzito. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikia 35. Kwa sheria, basi, kijana ni mtu mzima. Nashangaa jinsi jambo hilo dogo linavyosahaulika kila mpango wa vijana unapoandikwa.

Walipojenga shule zao wenyewe

Mwaka 1929 ugomvi mkubwa ulizuka kati ya Wakikuyu na wamisheni. Kanisa la Skoti, lililokuwa na kituo kikubwa Tumutumu karibu na Karatina, liliwataka waumini na walimu wake waape kuacha tohara ya wasichana. Waliokubali waliweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi. Waliokataa walifukuzwa au wakaondoka wenyewe, na watoto wengi wakatolewa shuleni.

Nitalisema wazi: kuhusu ukeketaji wenyewe, wazazi wale walikosea. Walioumia ni mabinti zao. Lakini hatua waliyochukua baadaye ndiyo inayotuhusu. Badala ya kukaa bila shule, walijenga zao. Vikaundwa vyama viwili vya shule huru: KISA, kilichokuwa na nguvu hasa Nyeri na Murang'a, na Karing'a, kilichokita mizizi zaidi upande wa Kiambu. Serikali ya kikoloni haikuwajengea. Watu walichanga na kubeba mawe, kisha wakatafuta walimu. Mwaka 1939 kilifunguliwa Chuo cha Ualimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, na michango ilipitia kwenye marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa msimu mmoja. Rika moja lilishindana na jingine kutoa zaidi.

Tazama mpango huo ulivyowashika vijana. Rika ni la vijana na la wazee pia; kila mtu ana lake. Hakukuwa na "mradi wa vijana" uliowekwa pembeni. Kijana aliyejua kusoma aliwasomea wakubwa gazeti la Muigwithania, lililoanza mwaka 1928 likihaririwa na Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Jomo. Mkubwa asiyejua kusoma alijua mipaka ya ardhi iliyochukuliwa, na kijana akajifunza kwake. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine alikihitaji.

Serikali ilielewa vizuri nguvu iliyokuwa pale. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru zilifungwa. Githunguri, mahali palipofundishiwa walimu, pakageuzwa mahali pa kunyongea watu.

Wamumu, au kijana kama tatizo

Miaka mitatu baadaye ukaja mpango mwingine wa vijana, tofauti kabisa. Katika vita vya Mau Mau wavulana wengi walikamatwa na kuwekwa kwenye kambi za kizuizini pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 serikali ilianza kuwakusanya wavulana hao katika kambi ya Wamumu, kwenye tambarare ya Mwea ambayo leo iko Kaunti ya Kirinyaga. Miongoni mwa waliokuwa wakiiendesha kambi hiyo ni Geoffrey Griffin, mtu aliyekuja kuwa na jina kubwa katika elimu ya Kenya.

Ukilinganisha na kambi nyingine za wakati ule, Wamumu ilikuwa na ubinadamu. Wavulana walisoma, wakacheza mpira, wakafundishwa useremala na uashi, wakavalishwa sare na kupewa nidhamu ya gwaride. Wengi walitoka na ufundi mikononi. Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe Nairobi, na mwaka 1964 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Maelfu ya Wakenya wanaishukuru kazi hiyo, na wana sababu.

Hata hivyo Wamumu ilikuwa na swali moja ambalo halikuruhusiwa: kwa nini mvulana wa miaka kumi na tano kutoka Nyeri alikuwa kizuizini? Jibu lilikuwa ardhi, na ardhi haikuwa kwenye ratiba ya masomo. Kijana alichukuliwa kuwa ndiye mwenye kasoro. Akinyooshwa, mambo yatatulia. Aliporudi kijijini alikuta wazazi wake wamehamishiwa kwenye vijiji vya hali ya hatari, na hawakuwa wamejifunza naye chochote.

Mtindo huo haukufa na ukoloni. Mwaka 2009 ukaja Kazi kwa Vijana, na mwaka 2020, wakati wa Korona, Kazi Mtaani, iliyofika kaunti zote 47 katika awamu yake ya pili. Vijana walifyeka nyasi na kuzibua mitaro kwa malipo ya siku. Malipo hayo yaliweka chakula mezani katika miezi migumu, na sitayadharau. Ila hakuna aliyewaketisha vijana wale na wakazi wenzao wakauliza kwa nini mtaro huohuo huziba kila mwaka, bajeti ya kuujenga iko wapi, na nani aliipitisha.

Kati ya Wamumu na leo kulikuwa pia na vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyotokana na ripoti ya Baraza la Makanisa la mwaka 1966 kuhusu hatima ya watoto wanaomaliza shule ya msingi bila pa kwenda. Wazo la awali lilikuwa zuri: kamati ya kijiji iamue fundi gani anahitajika pale, na kijana ajifunze bila kung'olewa kwao. Kadiri serikali ilivyovichukua, vingi vilianza kukimbizana na mitihani. Leo viko chini ya kaunti, na kamati ya kijiji imebaki jina.

*Kwa ufupi:* shule huru ziliwaweka vijana na wakubwa kwenye kazi moja, yenye mamlaka. Wamumu iliwatenga vijana ili iwarekebishe. Karibu kila mpango wa vijana utakaoalikwa kujiunga nao leo unafanana zaidi na mmoja wa hiyo miwili.

Kitalu kama darasa

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Tetu, mwaka 1940. Alisoma Marekani, akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi. Vuguvugu la Mkanda wa Kijani lilianza mwaka 1977 kwa miti saba iliyopandwa Kamukunji, Nairobi, likilelewa na Baraza la Kitaifa la Wanawake. Watu wengi wanamkumbuka kwa miti tu. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ya kufundisha watu wazima.

Tukitazame kitalu kwa karibu. Wanawake hukusanya mbegu za miti ya kiasili waliyoijua tangu utotoni: mringaringa, mkuyu, mwerezi. Wanachekecha udongo wa msituni, wanaujaza kwenye mifuko midogo myeusi ya plastiki, wanapanga mifuko chini ya kivuli cha matawi, na kumwagilia kwa kopo lililotobolewa. Miche ikipanda kufikia goti, inagawiwa majirani, makanisa na shule. Lengo la mwanzo lilikuwa mikanda ya miti isiyopungua 1,000 kwa pamoja, na mara nyingi ardhi ya kutosha ilikuwa kwenye kiwanja cha shule. Watoto wakawa wapandaji, na mtoto akirudi nyumbani na mche humvuta baba yake hadi kwenye shimo.

Ujanja wa mfumo ulikuwa kwenye malipo. Kikundi hakikulipwa kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioshika. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo, senti chache za dola kwa mti. Lakini ili ilipwe, lazima mtu aende akahesabu, aandike, aulize kwa nini ule pale umekauka. Hapo palikuwa na darasa la hesabu, la biolojia na la uaminifu, na halikuhitaji ubao. Wasomi wa misitu walikuwa wamewaambia wanawake hao kwamba kupanda miti kunahitaji diploma. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipotunukiwa Nobeli ya Amani, vuguvugu lake lilikuwa limepanda takribani miti milioni 30.

Katika semina za elimu ya uraia zilizoambatana na vitalu, watu walianza kwa kutaja shida zao: kuni, maji, njaa, karo, polisi. Orodha ilikuwa ndefu. Kisha waliulizwa shida hizo zimetoka wapi. Kwa kawaida kidole cha kwanza kilielekezwa serikalini. Maathai hakukikatalia, lakini hakuishia hapo. Alipenda mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake: aliuliza nani, au aliogopa kuuliza? Mkulima aliyekata miti ya kingo za mto naye aliingia kwenye hesabu. Watu waliotoka kwenye semina hizo walijua kwamba msitu ulionyakuliwa na kikombe kisicho na uji vina uhusiano, na kwamba wao wenyewe wana la kufanya kuhusu vyote viwili.

Ndiyo maana elimu ile iliweza kubeba harakati. Mwaka 1989 ilisimama dhidi ya jengo refu lililotaka kumeza Uhuru Park. Mwaka 1992 Maathai alikaa na akina mama kwenye bustani hiyohiyo, wakigoma kula ili wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Mwaka 1999 ilikuwa zamu ya msitu wa Karura, na safari hii wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani pia. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka bungeni.

Gatunga, miaka 67 baadaye

Sasa turudi kwenye jeraha la 1929, maana eneo la Mlima Kenya lilipata nafasi ya kulishughulikia upya.

Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, kundi dogo la familia liliamua kwamba mabinti zao wataingia utu uzima bila kukatwa. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, likisaidiana na shirika la PATH, lilikuwa limefanya kazi na akina mama wa familia hizo kwa muda. Mpango uliitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani takribani wiki moja, kama mila inavyotaka. Walifundishwa mwili wao, mimba na magonjwa, namna ya kukataa shinikizo, na heshima kwa wakubwa. Kila msichana alikuwa na mwanamke mkubwa wa kumshika mkono. Siku ya kutoka kulikuwa na nyimbo, maigizo, zawadi na chakula, na kijiji kizima kilialikwa kushuhudia kwamba huyu sasa si mtoto.

Pima tofauti. Mwaka 1929 mgeni alileta amri na karatasi ya kidole gumba, na matokeo yake watu waliikumbatia mila kwa nguvu zaidi. Mwaka 1996 mama na binti walijifunza pamoja, baba akaombwa ridhaa yake, na sherehe yenyewe ikaachwa ibaki. Kisu peke yake ndicho kilichotolewa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2011, na naiunga mkono bila kusita, lakini sheria hufuatwa kwa moyo pale ambapo mazungumzo yametangulia. Mpango huu ulipoigwa sehemu nyingine kwa haraka, ukiwa sherehe ya wasichana tu bila kijiji kuelimishwa kwanza, haukushika vizuri. Msichana alipewa cheti na kurejeshwa kwenye nyumba ambayo haikuwa imebadilika.

*Kwa ufupi:* kijana akielimishwa peke yake, hurudi nyumbani akapambane peke yake.

Namba ya mkulima

Kwa nini basi vijana wa Othaya au Kerugoya hawaonekani kwenye mikutano ya jamii? Jibu la haraka ni kwamba hawajali. Silikubali jibu hilo.

Chukua kahawa. Tuseme kuna kijana wa miaka 27 anayeamka alfajiri, anachuma kahawa mbivu, anaibeba hadi kiwandani, anapanga foleni na kuipima. Risiti inatoka kwa namba ya baba yake, kwa sababu shamba ni la baba na uanachama wa ushirika hufuata shamba. Mkutano mkuu wa mwaka ukiitwa, mwenye kura ni mzee. Kijana, ambaye huenda ndiye pekee nyumbani anayeweza kuipitia ripoti ya mkaguzi wa hesabu na kuona gharama za kukoboa zimepandaje, hana pa kuinua mkono. Mzee mwenye mkono ripoti inamtatiza, naye anaona haya kuuliza. Wote wawili wanarudi nyumbani wakiwalaumu wakurugenzi.

Semina ya ujasiriamali haitatibu hilo. Kinachohitajika ni kikao cha baba na mwana, wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, ripoti ikiwa mezani, na mtu wa kuielezea mstari kwa mstari. Kisha vyama viwe na ujasiri wa kubadili kanuni zao, wakulima vijana wapewe hisa na namba zao hata kwenye sehemu ya shamba la familia.

Mikutano ya kaunti ina kasoro ya jinsi hiyohiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziendeshe elimu ya uraia, na bajeti haiwezi kupita bila kushirikisha umma. Lakini ukiita mkutano saa nne asubuhi siku ya Jumatano, umemchagua mstaafu na umemwacha mwendesha boda, muuza mitumba na mchuma majani chai. Baadaye ripoti itasema vijana hawakufika.

Watoto walipowafundisha wazazi

Juni 2024 ilionyesha kwamba kutojali hakukuwa ugonjwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliusoma. Wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwa video fupi za TikTok, wakaendesha mijadala ya sauti mtandaoni hadi usiku wa manane, wakatengeneza hata programu ya kujibu maswali kuhusu vifungu vyake. Mapendekezo ya mkate na magari yaliondolewa tarehe 18 Juni. Maandamano yalifika Nyeri, Nanyuki na Embu, miji ambayo wengi walidhani haiwezi kuandamana dhidi ya serikali iliyoipigia kura miaka miwili tu kabla. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais alikataa kutia saini. Makumi ya watu waliuawa nchini, wengi wao vijana, na familia zao bado zinadai haki.

Kwa majuma yale, mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu wa ngumbaru. Mama wa sokoni alieleweshwa mswada na binti yake, kwa Kikuyu, kwenye simu ileile ambayo mzazi huilaumu kwa uvivu. Elimu ilitolewa na waliodhaniwa kuihitaji.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja: haikuwa na mahali pa kukaa. Mjadala wa mtandaoni ukifungwa, watu hutawanyika. Chama cha wanawake hukutana kila mwezi, ushirika una ofisi, kanisa lina ukumbi. Vijana wana maarifa mapya na wakubwa wana mabaraza ya kudumu, na hadi sasa viwili hivyo havijakutanishwa.

Kabla hujampeleka kijana wako

Ukialikwa kwenye mpango wowote wa vijana, uwe wa kanisa, shirika, kaunti au kikundi cha mtaa, uliza:

- Tatizo linaloshughulikiwa lilitajwa na nani, vijana na wakazi wenyewe au mfadhili?
- Wazazi na wakubwa watajifunza lini, na je, watakaa chumba kimoja na vijana?
- Kijana atakuwa na kura juu ya fedha za mpango, au atapanga viti na kuimba tu?
- Mafunzo yakiisha, kuna kikao gani cha kudumu ambacho ataingia akiwa mwanachama kamili?

Swali la tatu ndilo huwakera waandaaji zaidi. Lirudie.

Na kama hakuna mpango wowote mtaani kwenu, kalenda ya bajeti ya kaunti ni ya wazi na inatosha kuanzia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya 30 Aprili, na kuidhinishwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha 30 Juni. Watu kumi wanatosha: vijana watano wenye simu za kupakua hati na watu wazima watano wanaojua zahanati ipi haina dawa na daraja lipi lilisombwa. Mwandikieni karani wa bunge la kaunti mkiomba kikao cha wadi yenu kifanywe Jumamosi alasiri, boda zikiwa zimeegeshwa na soko limepungua, na mhakikishe barua imegongwa muhuri wa kupokelewa.